Somo la soko: Draiva ni bei ya pili ya kompyuta ya mtumba

WAFANYABIASHARA wa kompyuta zilizotumika katika maeneo ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mwenge na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Tandika na Mbagala upande wa Temeke, wana sababu mpya ya kuufahamu mfumo wa Linux. Sababu hiyo ina tarehe. Ni 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa kawaida haizikubali rasmi kompyuta zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Mashine za kizazi cha 4 hadi cha 7 bado zimo katika shehena za mtumba. Nyingi ni nzima, zina kasi ya kutosha kwa kazi za ofisi, na betri zake hubadilishwa. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza muda kwa wanaojiandikisha, lakini hiyo ni ahueni ya muda mfupi tu.

Linux inazikubali mashine hizo na haina malipo ya leseni. Hata hivyo, kupata mfumo bure si sawa na kupata kompyuta inayofanya kazi. Kinachoamua ni draiva. Somo hili linaeleza draiva za Linux zinavyotengenezwa, zilipofikia, zinavyojaribiwa, na hatua ambazo mnunuzi anapaswa kuchukua kabla ya kutoa fedha.

DRAIVA NI NINI

Draiva ni programu inayosimama kama mkalimani kati ya mfumo endeshi na kifaa. Waifai, kadi ya sauti, kamera, kadi ya picha na printa, kila kimoja kinahitaji mkalimani wake. Kifaa kizima kisicho na draiva ni sawa na simu isiyo na laini: inawaka, lakini haimfikii mtu.

Kwa upande wa Windows, draiva nyingi huandikwa na mtengenezaji wa kifaa na kutolewa bila msimbo wake. Mtengenezaji akiamua kuiacha, hakuna fundi mwingine anayeweza kuifungua na kuirekebisha.

Linux imeshika njia nyingine. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliutangaza mfumo huo mwaka 1991, na mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni huria ya GPL. Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya kiini chenyewe cha mfumo, yaani keneli, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Sehemu kubwa kuliko zote ya msimbo wa keneli ni draiva.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo mfanyabiashara anapaswa kuishika. Draiva iliyomo ndani ya keneli hutunzwa pamoja na keneli. Mtaalamu akibadilisha jambo la ndani, analazimika kuzirekebisha draiva zote zinazoguswa na badiliko lake. Draiva iliyo nje ya keneli haina ulinzi huo. Mwenye nayo ndiye anayepaswa kuifukuzia keneli kila inapobadilika, na siku akichoka, kifaa kinabaki na toleo la zamani.

SAFARI ILIYOPITA

Hali haikuwa hivi ilivyo sasa. Kwa miaka mingi kampuni nyingi zilikataa kutoa maelezo ya vifaa vyao, na watu wa kujitolea wakalazimika kuchunguza jinsi draiva ya kampuni yenyewe inavyozungumza na kifaa, kisha kuandika ya kwao kutokana na walichokiona. Draiva ya Nouveau kwa kadi za picha za Nvidia, na ile ya b43 kwa waifai za Broadcom, zilipatikana kwa njia hiyo.

Mwaka 2007 mambo mawili yalibadili upepo. Kampuni ya AMD ilianza kutoa nyaraka za kadi zake za picha ili draiva huria ziandikwe. Aidha, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa keneli, alitangaza kwamba kampuni yoyote itakayotoa maelezo ya kifaa chake itaandikiwa draiva ya Linux bila malipo. Mwaka 2008 Atheros ilitoa draiva huria ya waifai iitwayo ath9k. Broadcom ilifuata mwaka 2010, na Nvidia ikafungua sehemu ya draiva yake inayoingia ndani ya keneli Mei 2022.

Lakini mnunuzi wa mtumba asome habari hizo kwa makini. Broadcom ilipofungua mlango mwaka 2010, si chipu zake zote zilizoingia. MacBook nyingi za mwaka 2013 hadi 2015 zina chipu ya waifai ya BCM4360, ambayo inategemea draiva ya Broadcom iliyo nje ya keneli. Vilevile, uamuzi wa Nvidia wa mwaka 2022 unahusu kadi za kuanzia familia ya Turing, iliyoanza kutoka mwaka 2018. Kadi za familia ya Kepler zilitegemea draiva ya mfululizo wa 470, ambayo Nvidia ilisitisha kuihudumia mwaka 2024. Mwenye kadi hiyo amebaki na Nouveau.

HALI YA VIFAA SOKONI

Kwa lugha ya soko, hali ya draiva za Linux kwa vifaa vinavyoonekana zaidi madukani ni kama ifuatavyo:

Mtandao wa waya: IMARA. Kadi nyingi za Intel na Realtek hutambuliwa mara tu kompyuta inapowashwa.

Picha: IMARA kwa Intel na AMD. Kwa Nvidia ni ya KUANGALIWA, hasa kadi za zamani.

Waifai ya ndani: MCHANGANYIKO. Intel na Atheros zina sifa nzuri. Intel huhitaji pia famuwea, yaani programu inayoingizwa katika kifaa chenyewe, lakini hiyo husambazwa pamoja na mifumo mingi ya Linux. Broadcom ipimwe kwanza.

Waifai ya kuchomeka USB: INAPANDA. Adapta nyingi za Realtek zilitegemea kwa muda mrefu draiva za nje ya keneli. Toleo la 6.2 la keneli, lililotoka Februari 2023, liliingiza draiva kwa baadhi yake, ikiwemo zenye chipu ya RTL8821CU. Jina la kwenye boksi halitoshi, kwani adapta mbili za jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti.

Modemu za USB: IMARA. Modemu za Huawei zilizosambazwa Afrika Mashariki zilikuwa na tabia ya kujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Programu ndogo ya usb_modeswitch huiamuru modemu iache sura hiyo, kisha draiva iitwayo option huichukua.

Printa: MCHANGANYIKO. Mwenye steshenari asikilize hapa. HP ina kifurushi huria cha HPLIP, lakini baadhi ya leza zake ndogo, kama LaserJet P1102, hudai nyongeza isiyo huria. Printa nyingi za Epson za matangi ya wino zina draiva huria ya escpr. Leza ndogo za Canon zinazotumia lugha ya CAPT, kama LBP2900, zinategemea draiva ya Canon yenyewe na mara nyingi husumbua mfumo unapobadilishwa. Printa za miaka ya karibuni zenye AirPrint au IPP Everywhere kwa kawaida hazihitaji draiva ya pekee.

Visoma alama za vidole: DHAIFU. Vingi havina draiva. Kifaa hiki kisihesabiwe katika bei.

ZINAVYOJARIBIWA

Toleo jipya la keneli hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Wiki 2 za mwanzo hupokelewa mabadiliko mapya, ambayo kwa kawaida huzidi 10,000. Baada ya hapo mlango hufungwa, na kila wiki hutolewa toleo la majaribio, kuanzia rc1 hadi rc7 au rc8, kwa ajili ya kutafuta kasoro tu.

Majaribio mengi hufanywa na mitambo. Roboti ya Intel huujenga msimbo kwa namna nyingi ili kuona kama unakubali. Syzbot ya Google huishambulia keneli kwa maombi ya ajabu ili kuona kama itaanguka. Mradi wa KernelCI, ambao tangu mwaka 2019 uko chini ya Linux Foundation, huiwasha keneli katika vifaa halisi vilivyomo kwenye maabara za washiriki wake.

Hata hivyo, mitambo hiyo ina mipaka. Msimbo unaweza kujengwa vizuri, na bado waifai ikakatika kila baada ya dakika 10. Maabara haiwezi kuwa na kila modeli ya laptopu iliyowahi kuuzwa duniani. Kifaa kisichokuwapo maabara hujaribiwa na mwenye nacho tu.

Torvalds ana kanuni moja asiyoilegeza: toleo jipya lisivunje kilichokuwa kinafanya kazi. Kanuni hiyo humsaidia anayetoa taarifa. Akisema kwamba sauti ilikuwapo toleo lililopita na sasa haipo, watunzaji humwomba atafute badiliko lililoleta kasoro kwa kuyagawa mabadiliko nusu kwa nusu. Kwa njia hiyo, mabadiliko 10,000 hupekuliwa kwa majaribio yapatayo 14. Asiposema mtu, kasoro hubaki. Na panapoonekana hakuna mtumiaji kabisa, msimbo huondolewa: toleo la 4.17, Juni 2018, liliacha kuhudumia aina 8 za prosesa.

Tanzania imewahi kuchangia programu huria kwa upande mwingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kinondoni, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri ile ilihitaji watu wanaojua lugha, na kompyuta yoyote ingetosha. Draiva inahitaji kifaa chenyewe kiwe mezani. Vifaa vya mtumba viko kwenye meza za mafundi wa Tandika na Mwenge, na kwa sababu hiyo taarifa za mafundi hao zina thamani.

HESABU YA HASARA

Kwa mfano tu, mfanyabiashara ananunua laptopu 10 kwa sh. 300,000 kila moja, akitarajia kuziuza kwa sh. 360,000. Faida anayoitarajia ni sh. 600,000.

Laptopu 4 zikigundulika waifai yake haina draiva, atanunua adapta 4 za sh. 30,000, jumla sh. 120,000. Nyingine 2 zikirudishwa na wateja kwa sababu ya kadi ya picha, naye akaziuza kwa sh. 260,000, kila moja itakuwa imemtia hasara ya sh. 40,000. Laptopu 8 zilizobaki zinaleta sh. 480,000. Akitoa sh. 120,000 za adapta na sh. 80,000 za hasara, anabaki na sh. 280,000. Zaidi ya nusu ya faida imekwenda, na hakuna hata mashine moja iliyokuwa mbovu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Mnunuzi aandae flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, kama vile Ubuntu, Linux Mint au Debian. Flashi moja inatosha kupima shehena nzima.

2. Aiwashe kompyuta kwa flashi hiyo mbele ya muuzaji. Kitufe cha kuchagua flashi hutofautiana; mara nyingi ni F12, F9 au Esc.

3. Aunganishe waifai kwa simu yake na aiache angalau dakika 15. Kisha apime sauti, kipaza sauti, kamera, mwanga wa kioo, na kuilaza kompyuta kisha kuiamsha. Kasoro nyingi hujificha kwenye kuamka.

4. Afungue dirisha la amri na aandike lspci -k. Amri hiyo huorodhesha vifaa vya ndani na draiva inayotumiwa na kila kimoja. Kifaa kisicho na mstari wa draiva ni hoja ya kupunguziwa bei. Kwa vya kuchomeka atumie lsusb.

5. Mwenye steshenari aende na printa yake, au amwombe muuzaji kompyuta kwa majaribio, na achape kurasa kadhaa, si moja.

6. Kama biashara yake inategemea programu ya Windows, iwe ya hesabu au ya stakabadhi za kodi, amuulize kwanza msambazaji wa programu hiyo kama inakubali Linux. Draiva nzuri haitamsaidia programu ikikataa.

Kila modeli iliyopimwa iandikwe daftarini: jina, chipu ya waifai, toleo la keneli, kilichokubali na kilichokataa. Baada ya shehena chache, daftari hilo litamwambia mwenye duka modeli ya kuagiza na ya kuiacha hata ikiwa rahisi. Kilichokataa kitolewe taarifa kwa watunzaji wa mfumo uliotumika, pamoja na matokeo ya amri zilizotajwa. Wengi wao hawana njia nyingine ya kujua kwamba mashine hiyo bado inauzwa Mbagala.