Asali Kwanza, Chai Baadaye: Kwihara kwa Msafiri Asiye na Haraka

Kwihara iko kilomita chache tu kusini-magharibi mwa mji wa Tabora. Bodaboda au bajaji itakufikisha kabla jua halijakaza. Wageni wengi hupiga picha ya tembe alimokaa mmisionari na mvumbuzi Livingstone, husoma maelezo ukutani, wakarudi mjini kuwahi basi. Mimi nakuomba utenge asubuhi nzima. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto, majani mazuri ya chai ya kijani na kipande cha sega la asali ya Tabora. Ukimaliza kutazama, omba ruhusa ukae kivulini.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua katikati. Mwandishi wa habari Stanley alifikia hapa mwaka 1871 akiwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, akarudi Februari 1872 pamoja naye. Stanley aliondoka Machi 14. Mzee Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti 25. Mwaka uliofuata watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walipita hapa wakiwa wamebeba maiti yake kuelekea pwani. Jengo unaloliona leo limejengwa upya, lakini mahali ni penyewe. Mwombe mwenyeji wa kituo akueleze pia habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu, na za watumwa waliopitishwa njia hii wakiwa wamefungwa. Habari hizo zisikilize ukiwa umesimama, kabla hujafungua chupa yako. Na umsalimie vizuri: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, na ukiweza, “mwangaluka”, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi; utaona uso ukifunguka.

Sasa chai. Waarabu wa Omani na watu wa pwani waliokaa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, walitoka kwenye desturi ya kunywa kahawa chungu isiyotiwa sukari, huku tende au halua ikitangulia mdomoni. Wajapani nao, katika tafrija yao ya chai ya unga, humpa mgeni kitu kitamu ale kwanza, ndipo apokee bakuli. Jamii mbili zilizo mbali hivyo zimefikia jambo moja: utamu hukaa pembeni, kinywaji kinabaki na ladha yake. Ndiyo maana nasema usikoroge asali ya Tabora ndani ya chai ya kijani. Asali hii ya miombo ina nguvu. Itaimeza chai yote. Tafuna sega taratibu, tema nta, kisha unywe.

Chai ya kijani ya Kijapani iitwayo sencha hupigwa mvuke mara tu inapochumwa, ili isigeuke nyeusi. Kwa sababu hiyo haivumilii maji yanayochemka: hutoa uchungu unaokausha ulimi. Inataka nyuzi 70 hadi 80 hivi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na bado ni ya moto mno. Yamimine kwenye kikombe kitupu, yahamishie kingine, ngoja kidogo, kisha ndipo yaguse majani. Kijiko kimoja kidogo kwa kikombe, dakika moja, basi. Mimina mpaka tone la mwisho, maana ndilo lenye ladha nzito. Majani yale yale yanafaa kwa mkupuo wa pili, kwa maji yenye joto zaidi na muda mfupi zaidi. Kama huna sencha, chai ya rangi ya Mufindi au Rungwe isiyotiwa sukari inafuatana na asali vizuri kabisa, nayo maji yake yachemke hasa.

Ugumu uko kwenye kununua asali. Njoo baada ya mvua kukatika, Mei au Juni na kuendelea, mavuno yanapoingia mjini kutoka kwenye misitu ya mitundu na miyombo. Onja kabla ya kulipa. Rangi nyeusi peke yake si kasoro, ila harufu ya moshi ikizidi ujue mrinaji alitumia moto mkubwa. Ikiwa na povu na uchachu, ilivunwa masega hayajafungwa na nyuki, ina maji mengi. Hiyo iache iende kwa watengeneza wanzuki, pombe ya asali. Iliyoganda usiikatae wala usimtuhumu muuzaji kwamba ametia sukari: asali halisi huganda, na maji ya uvuguvugu huirudisha. Ile ya nyuki wadogo, yenye uchachu wake wa asili, ni ghali kwa haki, kwani nyuki hao hutoa kidogo sana. Na usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, asali ya aina yoyote.

Kisha uliza swali moja zaidi: imetoka mzinga gani? Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuvua mti ganda lake lote kuzunguka shina, na mti huo hufa. Tabora ina Chuo cha Ufugaji Nyuki, na wapo wafugaji wanaotumia mizinga ya mbao. Tafuta asali yao, hata ikizidi bei kidogo.