SOMO LA AFYA: NGOZI HAIZOEI



Likizo kubwa inakaribia. Wengi kati yetu, zaidi sana wadada, wataenda kufanya kazi katika saluni za nywele ili kupata feza ya minervale. Ni kazi ya heshima. Lakini mwaka uliopita tuliona mikono ya wengine wakati wa kurudi masomoni: vidole vimepasuka, hata kushika kalamu ni taabu. Tulipowauliza walijibu: «Mama mwenye saluni alisema ngozi itazoea.» Tuangalie pamoja kama neno lile ni kweli.

1. Dawa ya kunyoosha nywele

Defrizan nyingi ziko na soda kali, ileile ya kupika sabuni. Katika shimi tulijifunza kwamba pH ya maji safi ni 7. Ya defrizan hizo inapita 12. Nywele zimejengwa na keratini. Soda inavunja vifungo vya keratini, ndipo nywele zinanyooka. Lakini ngozi ya juu nayo iko na keratini. Dawa haina macho ya kuchagua: ikikaa juu ya kidole, inakula kidole. Muteja anaipakwa mara moja, kisha anaenda kwake. Mwenye kuosha vichwa anaigusa kutwa nzima.

2. Rangi nyeusi

Ndani ya rangi nyingi kuna parafenilenediamini. Siku za kwanza pengine huone kitu. Kumbe kwa watu wengine mwili unaiweka katika kumbukumbu, na siku moja mikono inavimba na kuwasha. Kuanzia pale hata kidogo tu kinatosha, na hali ile kwa kawaida haitoki tena. Basi ngozi haizoei. Inachoka, kisha inakataa.

3. Tufanye nini?

a) Vaa glavu za mpira mbele ya kufungua kopo. Zikitoboka, tupa.
b) Dawa ikigusa ngozi ao jicho, mbio kwa maji safi yenye kutiririka, dakika 20. Usitie ndimu wala siki: asidi na soda zikikutana zinatoa joto. Kama ni jicho, kisha maji uende hospitali siku ileile.
c) Kisha kuosha, kausha mikono, upake mafuta.
d) Wembe mupya kwa kila mutu. Kirusi cha hepatiti B kinaweza kuishi siku 7 inje ya mwili.

4. Kuomba si kiburi

Sheria ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, iko na sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini. Basi tuseme kwa adabu: «Mama, tunaomba glavu mbele ya kuanza.» Akikosa, tununue zetu na feza ya kwanza. Mikono hii njo tutaandika nayo Egzamen ya Serikali.

Maswali
1. Juu ya nini defrizan inaunguza ngozi?
2. Mwenzako amerukiwa na dawa ndani ya jicho. Utaanza na nini?