Gari Lililolala Pwani: Kuzikagua Breki Zenye Kutu Kabla ya Kuingia Barabarani

Gari lililoegeshwa miezi mitatu Kigamboni, Nyali au Bububu mara nyingi huwa na kelele siku ya kulitoa. Betri imechajiwa, injini imewaka vizuri, gia imeingia, mara chini panalia "tak!", halafu mkwaruzo unafuata kila gurudumu linapozunguka. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua diski mpya, na wengine hujitosa barabara kuu wakiamini itapotea yenyewe. Kelele nyingine hupotea kweli. Nyingine ni dalili kwamba breki haitashika sawasawa utakapoihitaji, na tofauti yake unaweza kuijua mwenyewe kabla hujamwita fundi.

Diski hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, na uso wake unaosuguliwa na pedi haupakwi rangi ya kudumu, kwa sababu ingekwanguliwa mara tu ukianza kukanyaga breki. Ndiyo maana mvua ya usiku mmoja inatosha kuiachia wekundu asubuhi. Upepo wa bahari huzidisha mambo: chumvi ikitua kwenye chuma huvuta unyevu wa hewani na kuharakisha kutu, na masika yakiingia diski haipati nafasi ya kukauka. Kwenye nchi za baridi adha ni ile ile. Kanada na Ulaya ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na gari lililofungiwa bandani kipindi chote cha theluji huweza kutoka na diski zilizoliwa. Ukiagiza gari lililotumika kutoka upande wa theluji wa Japani, kama Hokkaido, omba picha za chini yake kabla hujalipa.

Kabla gari halijasogea, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa. Iwe ngumu na ibaki juu. Ikizama taratibu mpaka chini, au ukaona majimaji upande wa ndani wa gurudumu, gari hilo lisitoke uani. Gurudumu likigoma kuzunguka, mara nyingi ni handibreki: viatu vya breki vimeganda kwenye dramu. Lisukume mbele na nyuma kwa utulivu. Ukilazimisha kwa nguvu za injini unaweza kuung'oa utando wa kiatu, na kazi ya dakika chache ikawa ya siku nzima.

Likisogea, tafuta njia tulivu. Endesha kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kanyaga breki kwa wastani, achia, ruhusu ipoe, rudia kama mara kumi. Kutu ya juujuu husuguliwa ikaisha na mkwaruzo hupungua kila unapokanyaga. Kelele ikiwa bado ipo vile vile baada ya hapo, sikiliza inatokea wakati gani.

Mlio mwembamba na mkali mara nyingi ni kibati cha tahadhari kilichowekwa kwenye pedi. Hugusa diski pedi inapobaki milimita 2 au 3. Mkwaruzo wa bati usiobadilika hata usipokanyaga breki huenda ni sahani ya kukinga vumbi iliyopinda au kuoza, na mara nyingi huponywa kwa kuirudisha nyuma kidogo. Kishindo kinachorudi mara moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko, pamoja na pedali kudundadunda mguuni, kina historia yake. Pedi imekaa mahali pamoja kwa miezi, unyevu ukanaswa katikati yake na diski, na umbo la pedi likachorwa pale kama alama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Alama hafifu huisha kwa kuendesha. Ile iliyochimba haiishi.

Sasa fungua gurudumu. Weka vizuizi kwenye magurudumu mengine na stendi imara chini ya gari. Usitegemee jeki peke yake. Uso wa nje wa diski hauwezi kukupa habari yote, kwani mara nyingi wa ndani ndio ulioliwa zaidi na hakuna anayeutazama. Mulika kwa simu, tumia na kioo kidogo. Uso mzima unatakiwa kung'aa. Kutu kwenye ukingo wa nje kabisa, ambako pedi haifiki, haina neno. Lakini ukikuta mkanda wa kutu katikati ya njia ya pedi, pedi haibani ipasavyo: pini za kalipa zimeshika kutu, au pistoni imekwama. Pitisha ukucha juu ya diski iliyopoa. Ukikwama kwenye mashimo, kutu imekwisha kuingia ndani.

Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida umechorwa kwenye diski yenyewe. Pima ndani ya njia ya pedi, kwa sababu ukingo uliobaki huwa mnene na utakudanganya. Kama unene unaruhusu, diski inaweza kuchongwa kwenye mashine. Kama hauruhusu, nunua mbili, kulia na kushoto, pamoja na pedi zake.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Diski mpya ikifungwa juu ya habu yenye magamba ya kutu itakaa upande, na mdundo utarudi baada ya muda. Sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Pini za kalipa zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni inayohimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira ya pini hizo. Na fundi akikwambia atapulizia mafuta kwenye diski ili inyamaze, mzuie. Diski yenye mafuta haishiki, na pedi iliyolowa mafuta ni ya kutupa.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu. DOT 4 mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishachanganyika na maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa magari mengi hushauriwa mafuta hayo yabadilishwe kila miaka miwili.

Ukijua utasafiri tena, endesha mpaka breki zikauke kabla ya kuliegesha, usilioshe siku hiyo, na mahali pakiwa tambarare liache kwenye gia au P likiwa na vizuizi, handibreki ikiwa chini. Ukimwachia ndugu funguo, mwambie aliendeshe kila wiki na kukanyaga breki barabarani. Kuliwasha tu likangurume uani kunasaidia betri kidogo. Kutu kwenye diski hakuigusi kabisa.