Sokoni Kipo, Nyumbani Hakipo: Kipato na Uhakika wa Chakula



Usiku wa tarehe 21 Machi 2020 nchi ilifungwa kwa sababu ya korona. Masoko na maduka ya chakula yaliachwa wazi. Mchele ulikuwepo, maharage yalikuwepo. Lakini hata wiki mbili hazikupita: tarehe 28 Machi serikali ilianza kugawa chakula kwa familia za hapa Kigali. Kwa nini, ikiwa chakula kilikuwepo?

Kilichokatika ni kipato. Saidia fundi, yaani umuyede wetu wa Gikondo na Gatenga, hula leo alichopata leo. Siku asipofanya kazi, soko lililojaa halimfai kitu. Mchumi Amartya Sen alilieleza jambo hili mwaka 1981 alipoichambua njaa kubwa ya Bengal ya 1943: watu wanaweza kufa njaa karibu na ghala, wakikosa uwezo wa kununua.

Mwenzake wa zamani, Ernst Engel, aliona mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pesa zake inavyoishia kwenye chakula. Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya kwanza inapata franga 60,000 kwa mwezi, 36,000 ni za chakula. Ya pili inapata 400,000, chakula 100,000. Bei zikipanda kwa asilimia 20, ya kwanza inahitaji 7,200 zaidi, kutoka katika 24,000 zilizobaki kwa kodi, maji na ada. Hiyo ni asilimia 30 ya akiba yake yote. Ya pili inatoa 20,000 kati ya 300,000, haifiki asilimia 7. Bei ni ileile, maumivu ni mbalimbali.

Na nyumba ya kwanza haianzi kwa kulala njaa. Kwanza yanaondoka maziwa na dagaa, inabaki kawunga na maharage. Kisha mlo mmoja unaondoka, na mara nyingi ni wa mama. Ndiyo maana kipimo cha FAO chenye maswali manane kinaanza kwa kuuliza kuhusu wasiwasi tu, na kuishia na kushinda siku nzima bila kula.

Alama hubaki mwilini mwa mtoto. Utafiti wa afya wa Rwanda wa 2019–20 ulikuta asilimia 33 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa: 49 katika nyumba maskini kabisa, 11 katika tajiri kabisa. Kicukiro ilikuwa karibu 11, Ngororero karibu 51. Tusijisifu haraka, maana wastani wa wilaya huchanganya nyumba ya ghorofa na chumba cha kupanga bondeni.

Tena kiasi cha kipato si kila kitu. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua gunia. Hununua kilo mojamoja, na kilo hiyo humgharimu zaidi kuliko ya mwenye mshahara. Wawili wenye jumla sawa ya mwezi hawali sawa.

Kwa halaka ijayo, jadilini hili: zakatul-fitri ni pishi ya chakula, mara moja kwa mwaka, na Mahanafi wanaruhusu thamani yake kwa pesa. Je, zaka ya mali ikigawiwa kidogo kidogo kila mwezi kwa familia za vibarua, itaziba pengo gani ambalo pishi haiwezi kuliziba?