Herufi Moja Katika Damu

Swali: Msomaji wa Runyenjes, Embu, anauliza: wataalamu huhusishaje protini na jeni?

Jibu: Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inaeleza vizuri. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa himoglobini (protini ya damu) ya mgonjwa husogea tofauti na ya mtu mzima wa afya ikipitishiwa umeme. Kisha Vernon Ingram akaikatakata protini hiyo. Kosa lilikuwa asidi amino moja tu, valini badala ya asidi glutamiki. Jeni yake, kwenye kromosomu ya 11, iliposomwa, herufi A ya DNA ilikutwa imegeuka T.

Mwaka huohuo wa 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za Wakenya. Selimundu ilikuwa nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, haba nyanda za juu. Siri ni malaria, iliyoenea Pwani na kando ya ziwa: aliyerithi nakala moja ya jeni hiyo iliyogeuka hukingwa nayo kwa kiasi.