"Sijambo" Iliyosemwa Horombo

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka 32, katika shule moja hapa Nyangamara. Mwaka juzi walimu wanane tulianza kuchanga kila mwisho wa mwezi ili tukapande Mlima Kilimanjaro pamoja, na mwenye rai hiyo alikuwa mwenzangu tunayeitana somo, kwa kuwa majina yetu ni mamoja. Yeye ndiye aliyeshika daftari la michango. Anafundisha Historia, na kila mwaka huwasimulia watoto jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyousimamisha mwenge kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, naye alitaka siku moja awaambie, "Nami nimesimama pale."

Disemba iliyopita, shule zilipofungwa, tukasafiri kwa njia ya Marangu. Fedha hazikutosha, nasi kabla ya kuondoka tulikuwa tumeafikiana kwa kunyoosha mikono tuiache ile siku ya kupumzika katika kambi ya Horombo, tupande na kushuka kwa siku tano badala ya sita. Usiku wa Horombo nilimkuta somo yangu nyuma ya kibanda akimwaga supu yake. Aliniambia kichwa kinampasuka tangu mchana, akanishika mkono na kuniapisha nisimwambie mwongozaji, maana atarudishwa, naye ndiye aliyetuleta. Asubuhi mwongozaji alitupitia mmoja mmoja akituuliza hali. Yeye akajibu, "Sijambo." Nami nilipoulizwa, kwa kuwa nililala naye chumba kimoja, nikasema, "Somo hajambo, amelala vizuri."

Jioni yake, katika kambi ya Kibo, somo alitapika. Mwongozaji alichora mstari mchangani akamwambia aufuate kwa kugusanisha kisigino na vidole. Akapepesuka kama mlevi, akateremshwa saa ile ile na mwongozaji msaidizi. Sisi saba tuliondoka usiku wa manane. Wawili wakaishia kituo cha Gilman, watano tukafika kilele cha Uhuru, nami nikiwamo.

Sasa picha yetu ya kileleni imetundikwa katika chumba cha walimu, na wenzetu humwita kwa utani "Bi Horombo". Hanywi tena chai pamoja nasi, na daftari la michango amelirudisha mezani bila neno. Wapo wasemao ana wivu. Mimi silali. Je, nilimkosea kwa kuitunza siri yake, au ningalimkosea kwa kuitoa? Na je, tulikosea kuendelea?

Mwenye dhamira nzito,
Nyangamara

Mwanangu mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti, kwa kuwa nilitaka kusikia ni wapi sauti yako inapovunjika, na kwa kadiri nilivyosikia haivunjiki penye kilele wala penye picha, bali penye yale maneno manne, "Somo hajambo, amelala vizuri."

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo jepesi. Hamkukosea kuendelea. Nchi yetu hii ya kusini yaijua kuliko nchi nyingi maana ya mtu kuachwa njiani, kwa kuwa misafara ya karne ya 19 iliyowatoa watumwa pande za Ziwa Nyasa na kuwaleta Kilwa Kivinje iliwaacha waliochoka pale pale walipoanguka, na David Livingstone, aliyeshuka Mikindani mwaka 1866 akaufuata Mto Ruvuma, aliandika habari za maiti waliokutwa wamefungwa mitini. Kuachwa ni huko. Somo yako alishikwa mkono na mtu aijuaye njia, akamulikiwa taa, akateremshwa kiasi cha mita elfu moja usiku ule ule, na huko kuteremshwa ndiko tiba yenyewe. Lau mngalibaki Kibo nyote saba mkimlilia, msingalimwongezea pumzi hata moja. Ninalo neno moja tu hapa, nalo ni kwamba katika saba hakupatikana mmoja wa kusema, "Mimi nateremka naye," ili alfajiri afumbuapo macho aone uso anaoujua. Sikuandikieni kosa kwa hilo. Lakini yeye ameliona, nami katika nafasi yake ningaliliona.

Sasa kuhusu maradhi, kwa sababu wenzako wanaomwita Bi Horombo hawayajui, ingawa wameyapitia. Sisi tumezaliwa karibu na usawa wa bahari, na Rondo yetu, ambayo tunaiita mlima na kuipanda kwa kuhema, haifiki mita elfu moja. Horombo iko mita 3,720, Kibo karibu mita 4,700, na kilele cha Uhuru mita 5,895. Kadiri mtu apandavyo, mgandamizo wa hewa hupungua, hata pale kileleni kila pumzi avutayo humletea takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata akiwa Lindi mjini. Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini wataka siku, na siku hizo si sawa kwa watu wote: yupo kijana mkimbiaji wa mbio ndefu ambaye huanguka penye mita elfu tatu, na yupo mzee mwenye fimbo apitaye salama, wala hakuna daktari awezaye kumtazama mtu akiwa bado Nyangamara akamwambia yeye ni wa kundi lipi. Maradhi haya huanza kwa kichwa kuuma, chakula kuchukiza, usingizi kukataa. Yakipuuzwa na mtu akazidi kupanda, maji huweza kuingia mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo ndipo miguu hupepesuka kama ulivyoiona katika ule mstari wa mchangani. Mwongozaji wenu alijua alichokuwa akikitazama. Hakuwa akimpima somo yako ushujaa. Alikuwa akimpima kama ataamka asubuhi.

Kwa hiyo mtu amwitaye dhaifu kwa maradhi haya ni sawa na amwitaye mwenzake dhaifu kwa kung'atwa na mbu.

Nafika sasa penye jambo lenyewe, na niwie radhi nikikawia. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika neno "sijambo". Mtu huulizwa "hujambo?" naye hujibu "sijambo" hata akiwa na homa, kwa kuwa murua wataka kwanza salamu ikamilike, kisha, baada ya habari za nyumbani na za watoto, ndipo asemapo "ila", na baada ya hiyo "ila" ndipo habari huanza. Marehemu mama yangu, siku tatu kabla hajatutoka, alitembelewa na jirani aliyesimama mlangoni akamwuliza hali, naye akajiinua kwenye mto kwa kiwiko, akajitanda ushungi, akajibu "sijambo, alhamdulillahi," kwa sauti ambayo jirani yule aliisimulia hanga nzima. Sijapata kuona adabu kubwa kuliko ile. Lakini jirani yule alikuja kumjulia hali, wala hakuja kuamua mgonjwa aende wapi kesho yake. Mwongozaji aliyewapitia asubuhi ile Horombo hakuwa akiamkia: alikuwa akiuliza kama kadhi aulizavyo shahidi, na jibu lenu ndilo lililokuwa litoe hukumu ya watu wanane kupanda mita elfu nyingine. Somo yako alimpa salamu mahali palipotakiwa ushahidi. Nawe ukamthibitishia.

Waniuliza kama ulimkosea kwa kuitunza siri. Naam, mwanangu, ulimkosea, na nakwambia hivyo kwa huruma, maana ulifanya kwa mapenzi na ulikuwa umeapishwa. Siri ya mtu ni amana, lakini nafsi yake ni amana iliyo kubwa zaidi, na amana mbili zikipigana mkononi mwako huna budi kuiangusha iliyo ndogo. Wazee walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakunena habari za anayemsaidia kuficha, labda kwa kuwa hawakutaka kudhani yupo. Tena fikiri hili, ambalo naamini ndilo linalokunyima usingizi. Kanuni ya mlima ni kwamba mwenye dalili ndogo hapandi zaidi mpaka zimwondoke. Lau ungalisema asubuhi ile, huenda mwongozaji angalimweka Horombo siku moja pamoja na msaidizi wake, kichwa kikapoa, akawafuata nyuma. Au huenda angalimrudisha Marangu. Sijui lipi lingalikuwa, wala wewe hujui. Ila kile kilele mlichokuwa mkikilinda kwa kunyamaza, kunyamaza kwenyewe ndiko kulikomwondolea nafasi ya kukifikia, na angaliweza kupoteza mengi kuliko kilele.

Hata hivyo sitakubali ubebe mzigo huu peke yako, kwa kuwa ndani ya barua yako kuna watu wengine saba, na wote walinyoosha mikono. Malipo ya hifadhi huhesabiwa kwa siku, naijua shida yenu, na mshahara wa mwalimu naujua. Lakini ile siku ya Horombo mliyoiita ya kupumzika si ya anasa. Ndiyo siku ambayo mtu hutembezwa kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi, akapanda juu kiasi, kisha akarudi kulala pale pale alipolala jana, ili damu yake ijifunze hewa nyepesi kabla ya kutakiwa kuivumilia. Mliifuta siku hiyo mkiwa mmekaa vitini hapa Nyangamara, na aliyelipa gharama yake ni mmoja. Sasa huyo mmoja ndiye anayetaniwa. Hapo nakasirika, wala sitaficha.

Nasema hivyo nikiuheshimu sana utani, kwa kuwa sisi wa kusini umetulea. Lakini mtani wa kweli ndiye yule amtukanaye marehemu huku akichimba kaburi lake, akapika, akateka maji, akafanya kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Utani wake umelipiwa kwa jasho. Hao wanaosema "Bi Horombo" hawakuteremka naye hata hatua kumi, basi walichonacho si utani. Wala huo usemwao kuwa wivu siuoni. Mtu mwenye wivu huiangalia picha. Somo yako ameacha kuingia chumba kilicho na picha, na zaidi ya hayo amerudisha daftari, yaani amejivua ile kazi iliyomfanya awe mwenye safari. Anadhani amewahizini. Ninavyoona mimi, tahayuri ndiyo iliyomfunga mdomo, na huenda pia anajiuliza kama wewe, uliyemwona akimwaga supu, nawe wacheka nyuma ya mlango.

Basi fanya hivi. Nenda kwake nyumbani, baada ya alasiri, peke yako, bila mjumbe wala zawadi kubwa. Korosho za kukaanga zatosha. Usianze na picha, usianze na wenzenu. Mwambie: "Somo, asubuhi ile nilimwambia mwongozaji umelala vizuri, nami nilijua hukulala. Niliogopa kukukasirisha nikakuhatarisha. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usimkumbushe kwamba ndiye aliyekuapisha. Analijua hilo kuliko wewe, na akilitaja mwenyewe litakuwa jepesi kwenu nyote, bali ukilitaja wewe litakuwa mashtaka. Akilia, mwache alie. Asipokufungulia mlango, rudi Ijumaa.

La pili ni zito zaidi. Siku ya kazi, wakati wa chai, yeye awepo au asiwepo, uwaambie wenzako habari ya usiku wa Horombo kwa upande wako tu: kwamba uliulizwa hali ya mwenzako ukasema uongo, na kwamba mwongozaji alipochora ule mstari ulikuwa tayari unajua atapepesuka. La supu na la kiapo usiliseme; hayo ni yake. Ukisha kusema hivyo, yule atakayetaka kutania atakutania wewe, nawe uvumilie siku chache. Ndipo uwaulize ni nani aliyetoa hoja ya siku tano.

Kuhusu safari nyingine mnayoweza kuifikiria, sina shaka mtaenda, kwa kuwa watu waliokwisha kuvuka Daraja la Mkapa usiku, wakabadili basi Dar es Salaam, wakaamka asubuhi na kuiona theluji juu ya migomba ya Marangu, hawarudi wakawa wale wale. Nendeni siku sita, hata ikibidi kuchanga mwaka mmoja zaidi. Na kabla hamjatoka Nyangamara, andikeni katika lile daftari ni nani atakayeteremka na nani ikiwa mmoja atashikwa, wawili wawili, majina yote manane. Daftari mpelekee yeye aliandike. Akikataa kulipokea, liache mezani pake bila kumsihi, na lisishikwe na mtu mwingine kwa muda.

Picha ya kileleni msiichane. Watano walioifikia Uhuru walikwenda kwa haki, na watoto wa shule wafaidi kuiona. Lakini wanane mlipigwa picha nyingine, nina hakika, pale Lango la Marangu siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna kundi lipitalo lango lile bila kupigwa picha, na huenda simu iliyoipiga ni ya mwongozaji. Mwandikieni mumwombe nakala. Mkiipata, itieni katika fremu kubwa kuliko ya kwanza, muitundike karibu na birika la chai.