Saa ya Umeme Iliyozeeka

Umekwisha kujifunza kuhusu saa inayotiwa ufunguo. Ndani yake mna kamani, nayo kamani hiyo ikikunjuka polepole huzungusha magurudumu yenye meno. Leo tutaitazama saa ya aina nyingine, iliyoendeshwa kwa umeme wa nyumbani. Siku hizi saa nyingi za ukutani hutumia betri, lakini wapo watu, hasa Marekani, wanaozikusanya saa hizo za zamani na kuzifufua. Ili uielewe kazi yao, yakupasa kwanza kujua jinsi zinavyokwenda.

Umeme wa nyumbani hauendi upande mmoja tu kama maji ya mto. Huenda na kurudi: mara 60 kwa sekunde nchini Marekani, na mara 50 nchini Tanzania. Ndani ya saa mna msokoto wa waya. Umeme ukipita humo, msokoto huwa sumaku, na ncha za sumaku hiyo hubadilika kila umeme unapogeuka. Karibu na sumaku mna kipande cha chuma kinachozunguka kwa kuifuata. Basi saa hii haipimi wakati yenyewe. Inahesabu tu safari za umeme.

Henry Warren, mhandisi wa jimbo la Massachusetts, alitengeneza saa za namna hii, lakini hazikwenda sawasawa. Alipochunguza aliona kwamba kosa halikuwa la saa. Mitambo ya kufua umeme haikuzunguka kwa mwendo mmoja! Ndipo alipotengeneza saa yenye mishale miwili juu ya uso mmoja, mmoja ukiendeshwa kwa pendulamu na wa pili kwa umeme. Mwaka 1916 saa hiyo iliwekwa katika kituo cha umeme cha Boston. Mshale wa umeme ulipoachwa nyuma, mitambo iliongezwa kasi mpaka mishale ikaenda pamoja.

Katika saa za Warren, kipande cha chuma huzunguka mara 3,600 kwa dakika. Kimefungiwa pamoja na magurudumu madogo ndani ya kikopo cha shaba chenye mafuta. Baada ya miaka mingi mafuta hupungua au huganda. Saa huanza kukwaruza, kisha husimama. Wakusanyaji wengine huigeuza juu chini kwa siku moja ili mafuta yaliyobaki yarudi mahali pake, lakini dawa hiyo haidumu. Iliyo bora ni kutia mafuta mapya. Utayatiaje, na kikopo kina upenyo mwembamba kuliko sindano?

Fanya jaribio hili. Chukua chupa tupu ya kioo, uiinamishe mdomo wake ndani ya beseni la maji. Mwalimu ataizungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Tazama mapovu yakitoka: hewa iliyomo imepanuka. Sasa ondoa kitambaa, usubiri. Chupa ikipoa, maji hupanda shingoni. Mkusanyaji naye hukipasha joto kikopo, kisha hukiacha kipoe upenyo wake ukiwa ndani ya mafuta mepesi, nayo mafuta huingia.

Hata hivyo, kazi ya kwanza si mafuta. Ni waya. Mpira uliofunika waya wa zamani hukauka na kupasuka, na anayeugusa huweza kufa. Mkusanyaji mwangalifu hachomeki saa aliyoinunua kabla ya kubadilisha waya huo. Wewe usifungue saa wala kifaa chochote cha umeme nyumbani.

Saa za Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi. Zikichomekwa katika umeme wa Tanzania wa volti 230, msokoto wake huungua. Transfoma huweza kupunguza volti, lakini haibadilishi idadi ya safari za umeme.

Zoezi

1. Saa ya Marekani imeunganishwa kwa transfoma mjini Dodoma na kurekebishwa saa 2:00 asubuhi. Itaonyesha saa ngapi itakapokuwa saa 2:00 usiku?

2. Saa nyingi za Warren zina alama nyekundu inayojitokeza kila umeme unapokatika. Umeme ulikatika usiku kwa dakika 20, kisha saa ikaendelea yenyewe. Asubuhi itakuwa na kosa gani? Kwa nini alama hiyo ilihitajika?